Wasifu wa Kasingi

Kefa Onditi, dalali, kanipa karatasi mbili
na elfu tatu, nusu ya malipo.
"Mwalimu, niandikie wasifu wa Kasingi
kwa wageni, na kwa wenye hela zao Nairobi.
Usirefushe. Watu wa hela hawasomi."

Basi.
Kasingi iko kilomita thelathini na moja kutoka Kisumu,
ukipita Miwani, ukiuacha mnara wa simu mkono wa kushoto.
Jina ni la Singh, aliyejenga kinu cha sukari guru.
Kinu kilizimika kabla sijazaliwa;
bomba lake la moshi bado limesimama,
limeinama kidogo kuelekea relini
kama mtu anayesikiliza hatua za mdeni wake.

Barabara: lami, isipokuwa kilomita nne za mwisho.
Kefa anataka niandike "lami" niweke nukta.
Umeme: upo. Una tabia zake.
Maji: kisima cha kanisa, shilingi tano mtungi,
na mto Nyando, ambao hautozi kitu
ila kila Aprili huja wenyewe kudai.

Udongo ni mweusi, ule unaonata.
Kiangazi hupasuka ufa wa kumeza kiatu cha mtoto,
masika humshika mgeni kifundoni, humwambia: kaa.
Nyumba ya mawe yataka msingi mrefu
kuliko maelezo ya Kefa.

Hewa: asubuhi hunuka miwa iliyochomwa.
Majivu hutua juu ya mashuka ya Salina Akeyo,
naye huyafua tena bila kumlaani mtu;
nimemsikia akihesabu tu.

Vivutio: nyumba ya Singh, ambayo sebuleni hulala mbuzi.
Yangeyange weupe nyuma ya trekta.
Soko Alhamisi, omena kwa gorogoro,
na ukimpendeza muuzaji, kiganja cha nyongeza.

Ploti ni arobaini, hamsini kwa mia.
Nimeitembea ramani kwa miguu, Jumapili, baada ya misa.
Ya saba ni goli la kaskazini la uwanja wa shule.
Ya kumi na tisa ina makaburi matatu;
la katikati ni la nyanya yangu, Turfena Aloo,
aliyekata miwa ya Singh miaka kumi na minane
na hakupenda chai yenye sukari.
Ya ishirini na sita, njoo uione Aprili,
uje na gambuti.

Ya thelathini na mbili imeinuka, kavu,
saa kumi jioni hupata upepo wa ziwa,
na kutoka hapo bomba la kinu huonekana wima.
Nimeiwekea akiba mwaka wa tatu huu.
Niliandika: ina mchwa.

Kefa alisoma amesimama, pikipiki inanguruma.
Akaukata mto. Akalikata goli.
Akafika kwa nyanya, kalamu ikasita.
"Ni wako huyu?" Nikaitika.
Akakata, lakini polepole,
mstari mwembamba, jina bado lasomeka.
Alipofika kwenye mchwa akacheka mpaka akakohoa.
"Mwalimu, ukweli wako wote nimeufuta.
Huu uongo ndio ulioandikwa vizuri."

Kisha akahesabu elfu tatu zilizobaki,
akanionyesha, akazirudisha mfukoni mwake.
"Amana ya thelathini na mbili. Risiti kesho."
Kesho ya Kefa naijua. Ni ndugu yake ile lami.
Hata hivyo nilimwacha aondoke nazo.

"Na idadi ya watu?" akauliza akishapanda.
"Mia sita na kumi na wawili."
"Weka mia saba. Wanunuzi hupenda mahali panapokua."

Nimerudi mezani, taa ya chemli, umeme una tabia zake.
Salina kapita dirishani na habari:
Beldina kajifungua alfajiri, pacha, Apiyo na Adongo,
mmoja analia, mwingine anamtazama.
Nimefuta kumi na wawili.
Nimeandika kumi na wanne.