Sauti Namba Kumi na Saba

Chuo chetu ni cha binafsi, Wete, juu ya mteremko wa bandari;
ada hulipwa kabla ya salamu.
Idara ya Kompyuta ghorofa ya pili, chumba cha mwisho,
kiyoyozi kinatonea ndoo,
na seva tumeipa jina Bi Harusi:
haipigwi jua, haiingiliwi na viatu,
vumbi likizidi tunaifunika kanga.

Utafiti ni huu: kuifunza mashine Kipemba.
Dokta Shaame aliandika ubaoni:
"Kiswahili cha redio kina wenyewe.
Nani atamsikia mama'ko?"
Tukaicheka ile mama'ko, tukaanza kazi.

Asya na Mkubwa wakenda Micheweni na kinasa sauti,
wakarudi na watu sitini
ndani ya kijiti kisichofika urefu wa kidole.
Waliwaambia, semeni lolote.
Mmoja kasoma Fatiha.
Mmoja kataja bei ya karafuu, kisha akatukana.
Sauti namba kumi na saba ikasema:
*Nti umeanguka jikoni.*

Mashine ikafikiri. Ikaandika:
*Nchi imeanguka jikoni.*

Tulicheka hadi Mkubwa akashika meza.
Kisha, mmoja mmoja, tukatazama mlango.
Dokta akaja, akasoma, akavua miwani.
"Kosa la data," alisema polepole. "Data tu."
Akaurudishia mlango kwa kisigino.

Mwezi mzima nikaachiwa sentensi ile.
Niliikata vipande vya nusu sekunde,
nikapima pale *n* inapoiegemea *t*
kama mtu aliyetua mzigo.
Mara mia nne, kwa hesabu ya daftari,
nimeisikiliza; na umeme ukikatika
iliendelea yenyewe kichwani.
Asilimia hamsini na tatu. Sitini na nane.
Themanini na moja!
Bi Harusi akaandika bila kusita:
*Mti umeanguka jikoni.*
Dokta akatununulia mkate wa mofa na pweza.

Nilikuwa nanawa mikono
nilipoijua sauti.
Kikohozi kile kabla ya neno la kwanza,
nilichokifuta mwenyewe, nikakiita kelele.
Jiko lile nalijua. Mshelisheli ule nimeuparamia.
Ng'ombe aliyelipa muhula wangu wa kwanza
alikuwa akifungwa shinani pake.

Aliambiwa aseme lolote.
Hakujua nani atasikiliza,
au alijua.

Nimempigia. Kauliza kama nakula.
Sikuutaja mti. Nilimuuliza anapikia wapi.
"Barazani," akasema, "mvua ikinyamaza."

Mlinzi wa geti, Bwana Faki, ana msumeno.
Kaniuliza wa nini, alfajiri yote hii.
Nikamwambia, nti umeanguka.
Akaenda kuuleta.