Ukuta wa Ikombe

Mita kumi na nane, dakika thelathini na tano:
nimeandika kwa penseli kwenye kibao.
Ziwa letu liko juu kuliko bahari,
kwa hiyo jedwali nalisoma kwa ubahili,
kama mama apimavyo unga mwezi wa Februari.

Mlima Livingstone haukomi ufukweni.
Unaingia majini vilevile ulivyo, wima,
na huko chini hakuna sakafu ya kukwambia basi.
Basi yako uje nayo.

Jana mgeni wangu, Anyosisye, karani wa benki Tukuyu,
alimwona samaki wa buluu akiteremka na mwamba,
akamfuata. Ishirini. Ishirini na mbili.
Maji maangavu hayatishi, ndiyo ubaya wake.
Niligonga mtungi kwa kisu.
Akageuka, macho yamejaa kioo.

Mita tano. Tukaning'inia pale dakika tatu,
mapovu yakitutangulia nyumbani.

Tulipoibuka, Tumpe alikuwa akipita na mtumbwi,
vyungu vya gulio la Matema vimelala kwenye nyasi,
vidole vinne tu kati ya ukingo na ziwa.
Chungu kimoja alikuwa amekiacha nchi kavu.

Leo nimefuta kumi na nane.
Nimeandika kumi na sita.