Jiwe la Sandukuni

Kwa jina lake Muweza
barua naitangaza;
si shairi la kucheza,
natoka nayo kazini.

Kazi yangu ni vipimo,
ratili, pishi na kimo,
kila duka mimi nimo,
Mkomani na Langoni.

Nina sanduku la mbao
na mawe na vyeo vyao;
wauzaji moyo wao
hushuka hadi tumboni.

Tangu chuo nikisoma
aya ile hunichoma:
ole wao wanopima
wakapunguza sokoni.

Naliamini ya kwamba
aya hiyo ndiyo kamba
ya kufunga wanolamba
vya wenzao vibandani.

Bi Mize binti Shekuwe,
muuza papa kwa jiwe,
nikamwambia nipewe,
nilitie mizanini.

Likainuka la kwake,
langu likaenda zake;
nikakata cheti chake
cha kulipia faini.

Hakulia, hakufoka,
kitambaa akashika,
noti zilizokunjika
akazihesabu chini.

Kisha akanitizama,
akauliza kwa wema:
“Na lako, nani hupima?”
Nikacheka kifuani.

Mwaka na nusu kupita
barua ikatuita;
sanduku tukalivuta,
lipimwe maabarani.

Jibu likaja: ni kutu,
chumvi na upepo wetu
vimenenepesha letu
jiwe kubwa sandukuni.

Gramu sitini na moja
zilonivua daraja;
kumbe mwizi alokuja
ni mimi pale dukani.

Nikamwendea mkuu,
ghorofa ile ya juu;
sijida kama kifuu
imemkaa usoni.

Akasema: “Yamepita,
cheti tumeshakikata;
serikali ikijuta
nani ataiamini?”

Adhana ikasikika,
upesi akainuka,
faili akaiweka,
akenda msikitini.

Nami nilikwenda pia,
nyuma yake nikangia;
sala sikuisikia,
jiwe liko mgongoni.

Nikawaza: tukipanga
safu, mabega kuunga,
mbona haki twaipinga
turudipo ghorofani?

Nikatoa mshahara,
fedha zote za hasara,
kwa siri na kwa sitara
nikampa mkononi.

Akazirudisha noti:
“Sadaka haina cheti;
deni langu, si zakati,
liko kwao ofisini.

“Mwizi mliponiita
Amu nzima ilipata;
kwa nini sasa kunyata
kulipa uchochoroni?

“Nataka iwe barua,
ibandikwe penye jua,
kila mtu kuijua,
nguzoni pale ngomeni.

“Wema wako nauona,
lakini, wangu kijana,
haki si ya kupeana
kama tende Ramadhani.”

Basi nikaiandika,
mara tano ikafika,
ikalala, ikachoka
chini ya chai mezani.

Na hii ndiyo ya sita,
kwa vina nimeikita,
pengine itamvuta
msomaji barazani.

Hesabu mizani zangu,
nane nane kila fungu;
ila huu wangu
nimeupunja mizani.

Sikio likishituka
kwa silabi kuponyoka,
je, aliyenyang'anyika
alale usingizini?

Jiwe bado liko hapa,
nikiligusa hutapa;
tena siwezi kuapa
lina kilo ngapi ndani.

Bi Mize akiniona
hagombi wala hanuna;
hunyosha mkono tena,
kiganja wazi, hewani.