Masahihisho, Ukurasa wa Tatu

Hoteli ile ya Upper Hill ina mazulia yanayomeza nyayo.
Tuliketi meza ya kumi na tisa, karibu na mlango wa jikoni,
sisi wa jarida la nafaka na malisho ya mifugo,
jarida ambalo bawabu wa jengo letu
hulirarua kufungia njugu.

Mbele walikaa wa mabenki, wa simu, wa mafuta,
tai zimenyooka kama safu za gazeti.
Nawe, Truphosa Amukoya, sweta la kijivu,
kalamu nyekundu umeichomeka kwenye nywele
ukaisahau huko, kama kawaida yako.

Walipolitaja jina lako nilikuwa natafuna kuku.

Nilikumbuka habari yangu ya kwanza, ya sumukuvu:
kurasa sita, "inasemekana" nane, "wadau" kumi na mmoja.
Ulizihesabu kwa kidole.
Nani anasema? Ana jina? Ana ghala?
Hayo mahindi umeyanusa?
Nikarudi Nyamakima, katikati ya magunia ya ndengu,
nikauliza upya, nikatukanwa,
na mama mmoja, Wangechi wa duka la tatu,
akanifungulia gunia bila neno, akaniinamisha kichwa.
Harufu ile ndiyo ikawa aya ya kwanza.
Nyingine zote ulizifuta.

Na usiku ule, kiwandani, Barabara ya Lunga Lunga,
ulipousimamisha mtambo mikono imelowa wino:
kumi na tatu nukta tano
ilikuwa imegeuka kumi na tano nukta tatu,
tarakimu mbili zimebadilishana viti.
Musembi, fundi, alicheka. Nani atakufa kwa tarakimu, mama?
Hukumjibu upesi. Ulivua miwani, ukaifuta.
Kuna mtu Kitale, ukasema, anasoma hapa kabla ya kufunga ghala.
Kwa unyevu huo, kufika Pasaka, atakuwa analisha watoto ukungu.
Musembi akazima redio. Bamba jipya likatengenezwa.
Tulitoka alfajiri, na yule mtu wa Kitale
hajui hadi leo kwamba tuliwahi kumkosea.

Sitasahau pia mwenye kinu
aliyetaka jina lake litoke kwenye habari
la sivyo tangazo lake litoke kwenye jalada.
Vyote viwili vilikuwa mezani. Uliacha jina.
Robo nzima ya mwaka chai ofisini ikawa ya rangi,
wala hakuna aliyeuliza maziwa yalikwenda wapi.

Basi mshereheshaji akasoma sifa zako kwa sauti ya asali:
mhariri shupavu, aliyefichua
magunia elfu tisini yaliyooza!
Makofi. Taa. Ukapanda jukwaani
polepole, kama mtu anayekwenda kudai risiti.
Ukaishusha maikrofoni.

"Magunia yalikuwa elfu tisa na mia nne.
Elfu tisini lilikuwa kosa letu, toleo la Machi.
Tulisahihisha Aprili, ukurasa wa tatu.
Asanteni."

Ukashuka.
Mshereheshaji aliitazama karatasi yake
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Nilisikia uma ukianguka, meza za mbele.
Mimi nilitaka kulia, nikamalizia kuku.

Ile tuzo ya kioo sasa iko dirishani,
inakandamiza kurasa upepo wa Barabara ya Kirinyaga ukivuma
na vumbi la vipuri. Ina alama ya kikombe cha chai.

Asubuhi hii nimekuletea shairi hili.
Umelisoma ukiwa umesimama, mkono nyweleni, ukitafuta kalamu.
Chini ya "mazulia yanayomeza nyayo" umepiga mstari:
Uliyaona yakimeza?
Pembeni mwa meza yetu umeandika namba,
ukaizungushia duara.

Mazulia nimeyaacha; nitakuja kuyajibia.
Lakini meza, wasomaji,
ilikuwa ya kumi na saba.