Mikono ya Dobi

Jumanne tulimzika Ndekirwa, kule Kibosho,
katikati ya migomba, udongo ukinata viatuni.
Mlima ulijifunika mawingu, haukuja.
Katekista akasoma: mkulima, baba wa sita,
mwanachama wa ushirika.
Sawa.
Lakini ile penalti ya siku ya mvua,
alivyoruka kushoto na kaptula imechanika,
karakana nzima ya reli ikarusha kofia,
mbona hakuna aliyeitaja?

Wiki haijaisha, simu tena: Elisaria, wa tarumbeta.
Yule aliyepuliza ukumbini karibu na stesheni
mpaka wapishi wakaacha vitunguu viungue.
Meno yalipokwisha aliiuza, akanunua mbuzi.
Mbuzi akamwita Solo.

Mimi nilikuwa nikiwafulia,
senti hamsini kwa nguo.
Najua jasho la nani lilitoka upesi
na la nani liliganda kwenye kola.

Vijana msibani wakaniuliza,
"Bibi, kwani hawa walikuwa akina nani?"
Nikafungua mdomo. Kikatoka kikohozi.
Basi nikawaonyesha mikono:
huu wenye sugu, jezi namba moja;
huu mwingine, mashati ya bendi,
kila Jumatatu,
maji ya baridi.