Jiwe la Kavosa

Mama, nimekuletea jiwe.
Limo humu kwenye kompyuta, usicheke.
Nimelichonga siku kumi na moja
juu ya duka la mbolea pale Mbale,
feni ikikoroma, stima ikienda na kurudi
kama mgeni asiyeujua mlango.

Ni jiwe la gemu. Jitu linalipiga ngumi,
linapasuka, moto wa rangi ya chungwa unafumka katikati,
vipande vinapaa, vinazunguka hewani polepole
kila kimoja na mwanga wake,
na jitu linajiendea zake bila kugeuka nyuma.
Mteja wa Nairobi aliandika: Safi. Ongeza moto.

Ulijifuta vumbi la kokoto kwa ncha ya leso,
ukatazama mara tatu, ukauliza:
Huo moto umetoka wapi?
Jiwe lilikuwa limekunywa petroli?

Na hivi vipande, mbona vinaelea kama manyoya ya kuku?
Jiwe halijui kuelea. Likiachwa, linashuka,
kubwa na dogo hufika chini pamoja;
nimeona. Hata mguu wangu uliona.

Kisha ukanyamaza kidogo.
Halafu hili jitu lako, Egadwa,
mbona halipepesi macho?

Ulisema hivyo na jicho lako la kushoto,
lile lenye wingu tangu kibanzi cha mwaka ule wa njaa,
likinitazama pasipo kuniona.

Ukanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye mwamba.
Usiku kucha tairi kuukuu na magogo ya mkaratusi
yalikuwa yameuchoma mgongo.
Ukamwaga maji. Mvuke. Ukaniambia: inama.
Nikaweka sikio karibu, nikasikia: ti.
Basi. Ti, kama kijiti cha kiberiti kilichovunjika mfukoni.

Jiwe halilipuki, ulisema. Jiwe hukubali.
Linaanza na ufa mwembamba kama unywele
unaotafuta njia ya kwenda chini,
na ukishaipata, huna la kuongeza:
uzito wenyewe unamaliza kazi.

Nikakumbuka dirisha la darasa la tano,
ng'ambo ya bonde. Hesabu ubaoni, mimi macho kwako.
Nyundo yako ilishuka, kimya.
Ikapanda, na ilipokuwa juu ya kichwa chako,
haigusi chochote, imeshika mawingu tu,
ndipo sauti ikanifikia: ko.
Nilidhani una nyundo mbili,
moja ya macho na moja ya masikio,
na nikawaonea huruma watoto
ambao mama zao wana nyundo moja.

Usiku ule nilizima moto wote.
Nikalipa jiwe uzito, nikaondoa mwanga kwenye vipande,
nikachora ule ufa, unywele kwa unywele.
Kamera nikaisogeza ng'ambo ya bonde,
sauti nikaichelewesha fremu kumi na nane.
Nikatuma kabla ya jogoo.

Jibu likaja saa nne:
Sauti na picha hazipatani. Ni kosa, rekebisha.
Na moto uko wapi?

Nilirudisha moto. Sitakudanganya, mama,
nilirudisha, tena nikauongeza,
maana mwenye duka la mbolea hapokei ufa wala kimya
kodi inapofika.
Watoto wa mbali wanalipiga ngumi sasa hivi
jiwe lililokunywa petroli, na wanafurahi,
na furaha yao siioni kuwa dhambi.

Ila faili ile nyingine ninayo.
Jumapili nilikuwekea, mlango tumeufunga,
mvua ikipiga mabati upande wa Kaimosi.
Ulikaa kwenye kile kigoda, mikono magotini,
vidole havinyooki tena vyote.
Nyundo ikashuka ng'ambo ya bonde.
Kimya.
Nilikuwa nikikutazama wewe, si picha.

Sauti ilikuwa bado njiani,
nawe ukapepesa.