Zamu ya Kwanza

Ufunguo wa nyumba ya tanuri ninao mimi,
wa chuma, mzito kama kwato.
Dinkelrode haina duka tena, wala shule.
Jumanne na Ijumaa gari la mikate hupiga honi
mbele ya kanisa, mara tatu, nasi kumi na mmoja
hutoka na vikapu, tukiulizana habari za magoti.
Wendelin Rühl, miaka themanini na minane,
huuliza bei ya keki ya tufaha
ingawa bei haijabadilika tangu Pasaka.

Zamani kijiji kilijiokea.
Tanuri moja, kaya ishirini na sita,
na kila Jumamosi kura, ndani ya mfuko wa ngozi:
vijiti vyenye mikato, mmoja, miwili, mitatu,
kwa sababu anayeanza huanza na mawe baridi.
Kuni zake ndizo zinazoamsha joto;
wa tano hutupia matawi mawili tu
na mkate wake hutoka ukoko ukialika.
Kuanza ni hasara. Hata watoto walijua.

Historia yetu inaenea kiganjani.
Moto, enzi za mapaa ya nyasi.
Kengele kubwa ikashushwa, ikayeyushwa kuwa mizinga,
tukabaki na ndogo, yenye sauti ya sufuria.
Majina kumi na tisa juu ya jiwe, manne ya ukoo mmoja.
Kisha baridi ya arobaini na sita,
mkokoteni kutoka mashariki,
na juu yake bibi yangu Hedwig, mtoto mmoja,
na saa ya ukutani isiyo na mishale.

Wakampa chumba juu ya zizi la akina Rühl.
Siku ya tatu wakampa jembe.
Jumamosi wakampa mfuko, wa mwisho kuchukua,
maana mgeni, walisema, hasukumani.
Kilikuwa kimebaki kijiti kimoja.
Mkato mmoja.

Daftari nililikuta nyuma ya bomba la moshi
tulipobadilisha vigae, limeviringwa ndani ya gunia la unga.
Mwandiko wa mwalimu Traugott, wima kama uzio:
Hedwig Pohl, wa kwanza. Hedwig Pohl, wa kwanza.
Kwaresima, wa kwanza. Mavuno, wa kwanza.
Nikahesabu kwa kidole: Jumamosi mia moja na tisa.
Bahati haina ukaidi namna hiyo.
Nikavitoa vijiti, nikavipapasa nimefumba macho.
Ule mkato mmoja umechimbwa hadi kiini,
kidole kinaujua kabla ya akili.
Mikono ishirini na mitano iligusa, ikapita.

Jumamosi ya mia na kumi: Hedwig Pohl, wa saba.
Wino uleule. Hakuna maelezo.

Je, alijua? Hakuniambia.
Alinisimulia jambo moja tu, akimenya viazi:
kwamba kila alfajiri ya zamu yake
alikuta mlangoni pa tanuri mzigo wa mwaloni mkavu,
umepasuliwa vyembamba, umefungwa kwa kamba ya ndama,
na theluji imefagiwa, nyayo zisisomeke.
Hakuuliza. Alioka mkate mmoja wa ziada,
wenye mbegu za mpopi, nyeusi kama baruti,
akauacha dirishani. Jioni haukuwepo.

Siku hizi tunawasha mara moja kwa mwaka, Septemba,
watu wa mjini waje wapige picha.
Kaya sita tu zinaoka, lakini kura bado tunapiga.
Mwaka huu nilishika mfuko wa kwanza,
nikapapasa, nikaukuta ule wenye jeraha,
nikautoa.
Wendelin aliutazama mkono wangu,
kisha akatazama viatu vyake, kwa muda mrefu,
kisha akasema kuni zangu zina unyevu,
kwake zipo kavu, nyuma, karibu na zizi,
nichukue tu, mlango haufungwi.